Barabara ya Nyamisati au Barabara ya Bungu?

Abiria anayekwenda Mafia kwa njia ya Nyamisati huiacha Barabara ya Kilwa pale Bungu, kabla hajafika Kibiti mjini. Akimuuliza bodaboda wa njia panda barabara ile ya kushoto inaitwaje, atajibiwa papo hapo: ya Nyamisati. Siku akirudi, akapanda boti Kilindoni, akashuka Nyamisati na kumuuliza bodaboda wa pale swali lile lile kuhusu barabara ile ile, ataambiwa: ya Bungu. Wote wawili wamesema kweli. Kwenye makaratasi ya wahandisi itakuwa Bungu–Nyamisati, na kistari katikati, jina ambalo hakuna mtu aliyewahi kulitamka akiwa amechelewa boti.

Sasa aje mtu wa ramani na simu yake. Anafungua programu moja, anakuta jina. Anafungua ya pili, anakuta jina jingine. Karatasi ya zamani ya wapima ardhi haina jina lolote, ina mstari wa vitone tu. Na kwenye nguzo mbele ya maduka kuna kibao cha anwani chenye jina la tatu. Achukue lipi?

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake: mwanafunzi aliyepewa kazi ya ramani huria, ofisa wa halmashauri anayesafisha orodha ya mitaa, mhudumu wa afya anayepanga njia ya chanjo, au mkazi aliyechoka kuona kijiji chake kimeandikwa jina la jirani. Mifano mingi ni ya Kibiti na delta ya Rufiji, ambako majina yana kila sababu ya kubishana: watu wamehamishwa, mipaka imechorwa upya, na mto wenyewe hubadili njia.

Ni kitu kimoja au ni viwili?

Kabla ya kuuliza jina lipi ni sahihi, mtu wa ramani aulize kama vyanzo vyake vinazungumzia kitu kimoja. Mara nyingi havizungumzii kitu kimoja, na ugomvi wote huishia hapo.

Neno linaloponza watu zaidi ni "mtaa". Mjini Dar es Salaam mtaa ni vitu viwili kwa mpigo. Ni njia yenye nyumba pande zote mbili, na pia ni eneo la utawala lenye mwenyekiti, ofisi na muhuri. Ukiingia kijijini, ngazi ya chini kabisa ya utawala huitwa kitongoji, na "mtaa" hubaki neno la mdomoni la kusema upande wa kwetu. Ukivuka mpaka kwenda Nairobi au Mombasa, mtaa ni eneo zima la makazi. Kwa hiyo jina lililoandikwa juu ya njia kwenye ramani linaweza kuwa jina la kitongoji ambacho njia hiyo inapita tu. Aliyelichora, pengine akiwa Ulaya mbele ya picha ya setilaiti, alilikuta kwenye orodha fulani akalibandika kwenye mstari uliokuwa karibu.

Kulibaini hili hakuhitaji elimu kubwa. Mtu aifuate njia kwa miguu, akiuliza jina kila baada ya nyumba kadhaa. Ikiwa jina linakoma pale kitongoji kinapokoma, na njia yenyewe inaendelea, basi hilo ni la kitongoji na liondolewe kwenye mstari liwekwe kwenye eneo lake. Jina likivuka mpaka wa kitongoji pamoja na njia, hapo ndipo linapostahili kuandikwa juu ya barabara.

Katika delta mambo yanakolea. Kiomboni ni kijiji na ni mkondo. Msala ni kata na ni mlango wa mto baharini. Mbwera ziko mbili, Mashariki na Magharibi, na anayesema "Mbwera" bila kuongeza neno anamtegemea msikilizaji ajue ametokea wapi. Ndundu inayojulikana na wasafiri ni ile ya kwenye Daraja la Mkapa, palipokuwa na kivuko hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 2003. Lakini juu zaidi bondeni kuna Ndundunyikanza, na mtu wa haraka anayefupisha majina anaweza kumpeleka mgonjwa kusiko.

Hata neno "Rufiji" lina mitego yake. Ni mto, ni delta, na ni wilaya yenye makao yake Utete. Kibiti ilitengwa nayo na kuwa wilaya ya peke yake katikati ya miaka ya 2010, na sehemu kubwa ya vijiji vya delta ikahamia huko kwa kalamu, bila mtu kubeba godoro. Karatasi inayosema "Nyamisati, Wilaya ya Rufiji" haijakosea jina. Imezeeka tu, na inapaswa kusomwa kwa tarehe yake.

Ukoo wa ramani

Mtu akikuta ramani tatu zinakubaliana hufurahi. Asifurahi mapema, maana huenda zote tatu ni watoto wa mama mmoja.

Mama huyo mara nyingi ni zile karatasi za mizani ya 1:50,000 zilizochorwa kutokana na picha za ndege, kazi iliyoanzishwa na idara ya Waingereza ya upimaji wa ng'ambo na kuendelezwa na Idara ya Upimaji na Ramani ya Tanzania. Ni karatasi nzuri mno. Mwenye nazo azitunze. Lakini majina yake yalikusanywa na watu wachache kwa muda mfupi, wakiandika walichosikia. Baadaye majina hayo yakaingizwa katika orodha kubwa za kimataifa za majina ya mahali, na kutoka humo yakamiminika kwenye tovuti na programu nyingi kiasi kwamba kosa la karani mmoja leo linaonekana kama ushahidi wa mashahidi kumi.

Orodha hizo zina ugonjwa mwingine. Nyingi zilikadiria mahali hadi dakika nzima ya latitudo na longitudo, na dakika moja ni karibu kilomita 1.85. Barani hiyo ni safari ya bodaboda ya dakika chache. Deltani ni ng'ambo ya pili ya mkondo, tena pengine ya mikondo miwili. Juu ya hayo, karatasi za zamani zilichorwa kwa mfumo wa vipimo wa Arc 1960, na simu zetu hutumia WGS84. Ukilaza moja juu ya nyingine bila kubadilisha hesabu, kila kitu kinasogea kama mita 300. Jina sahihi likisogea mita 300 kijijini linaangukia njia ya jirani. Kuna majina "yaliyokosewa" ambayo kosa lake lote ni hilo.

Nyuma ya Waingereza wapo Wajerumani, na wao waliandika kwa masikio yao. Rufiji kwao ni Rufidschi. Kisiju, kaskazini kidogo ya delta, ni Kissidju. Mohoro, makao yao ya zamani ya wilaya na mahali aliponyongwa Kinjikitile Ngwale mwezi Agosti 1905, iliandikwa Mohorro, na mpaka leo inaonekana kama Mohoro kwenye karatasi moja na Muhoro kwenye nyingine. Mlango wa Kikunya uliandikwa Kikunja, kwa sababu j ya Kijerumani husomwa kama y yetu. Mtu asiyelijua hili atadhani ana mikondo miwili mkononi na kwenda kuutafuta wa pili katikati ya mikoko. Hatauona.

Waingereza wenyewe walionja adha hiyo. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha ndani ya delta baada ya kuizamisha Pegasus kwenye bandari ya Zanzibar Septemba 1914, Wajerumani walikuwa na vipimo vipya vya mikondo, vilivyofanywa na meli yao ya upimaji Möwe. Waliokuwa wakiisaka walikuwa na chati za zamani. Ilibidi wamtumie mwindaji Pretorius aingie mwenyewe kwenye mikoko kupima vina na kusoma maji, na ndege zipae kupiga jicho kutoka juu, kabla ya meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, kuimaliza kazi Julai 11, 1915. Jeshi la majini lililokuwa kubwa kuliko yote duniani lilishindwa kwa miezi kujua mkondo upi unapitika, na kila mvuvi wa Salale alikuwa anaujua.

Kijiji kilichohama, jina lililobaki

Kwenye karatasi ya zamani, bonde la Rufiji limejaa majina katikati ya mashamba, mahali ambapo setilaiti haionyeshi hata bati moja. Mwenye papara huyafuta. Asubiri kwanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwapeleka kwenye mwinuko, na Rufiji ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa kuonja operesheni za vijiji zilizokuja kuenea nchi nzima miaka ya 1970. Watu walipanda juu. Mashamba yakabaki chini, kwenye udongo wa mafuriko. Msimu wa kilimo ukifika, familia hurudi bondeni kuishi kwenye madungu, vile vibanda virefu vya miti vya kulindia mpunga, na maji yakishapungua hulima mlau kwenye unyevu uliobaki. Muulize mkulima anakwenda wapi na jembe lake, atataja jina lile lile lililo kwenye karatasi ya zamani. Kwa hiyo jina liko hai; kilichokufa ni kijiji. Kwenye ramani liwekwe kama jina la mahali, lisiwekwe kama kijiji chenye watu mwaka mzima, na yule wa papara akae mbali na kitufe cha kufuta.

Wavuvi nao wana madago. Dago ni kambi ya msimu: watu huja na nyavu, hujenga vibanda vya makuti, huvua kamba au samaki, kisha huondoka na kuacha mawe ya jiko. Mwaka mwingine mawimbi yameshakula ufukwe na dago limesogea, jina likasogea nalo. Kitu cha namna hiyo kikichorwa bila mwezi na mwaka, kinampotosha anayekuja baadaye zaidi kuliko kama kisingechorwa.

Na mto haukai. Tangu miaka ya 1970 maji mengi ya Rufiji yameegemea mikondo ya kaskazini ya delta, wakati zamani yalipendelea kusini. Mkondo uliokuwa mkubwa kwenye karatasi unaweza kuwa kijito leo, na jina lake kubwa bado linaning'inia juu yake. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyovamia Mohoro na vijiji vingine vya bonde, yalisukuma kaya nyingine tena kwenye mwinuko. Yeyote mwenye chanzo cha kabla ya hapo akisome akijua kwamba ni cha kabla ya hapo.

Kibao cha 2022

Februari 2022 serikali ilizindua operesheni ya anwani za makazi, lengo likiwa nchi nzima iwe na majina ya barabara na namba za nyumba kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23 mwaka ule. Kwa miezi michache majina ya njia yalipatikana kwa maelfu. Nguzo zikasimikwa, namba zikabandikwa milangoni, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa NaPA, pamoja na postikodi ya tarakimu 5.

Kazi kubwa kwa muda mfupi haikosi makovu. Kuna njia zilizopewa majina ambayo wakazi hawajawahi kuyatumia, na kuna majina mazuri ya wakazi yaliyokosewa herufi na fundi wa vibao. Ndiyo maana kibao peke yake hakimalizi mjadala. Nyuma ya kibao pawe na kikao, na nyuma ya kikao pawe na muhtasari. Mtu wa ramani amwombe mtendaji wa kijiji au wa kata amwonyeshe orodha iliyopitishwa. Kibao kikitofautiana na orodha kwa herufi moja, orodha ishinde. Kibao na orodha vikikubaliana, lakini wakazi wote wanaita jina jingine, basi kuna majina mawili halali, na kazi iliyobaki ni ya kuyapanga, tutakayoifikia.

Kuna jambo dogo la mlangoni linalowachanganya wengi. Nyumba moja ya Kibiti inaweza kuwa na namba ya chaki ya makarani wa sensa, kibati cha anwani ya makazi, na mita ya umeme yenye namba yake. Wenyeji wa maeneo yaliyokuwa chini ya mradi wa ufuatiliaji wa afya na idadi ya watu wa Rufiji, ulioanza 1998 na kituo chake kikiwa Ikwiriri, wamezoea namba nyingine tena, za kaya, walizopewa na watafiti waliokuwa wakipita kila baada ya miezi kadhaa. Namba ya anwani ni moja tu kati ya hizo. Ni ile inayokwenda pamoja na jina la barabara.

Kwa barabara kubwa, ngazi ya mamlaka ni nyingine. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Orodha zao ni za kuaminika kwa kujua barabara inaanzia wapi na kuishia wapi, na ni dhaifu kwa kujua watu wanaiitaje. Mhandisi huandika Kibiti, akaweka kistari, akaandika kituo cha mwisho. Dereva wa Noah anasema anakwenda njia ya Mloka, basi.

Kwenda kuuliza

Hakuna ramani inayomwondolea mtu safari. Lakini safari ina adabu zake, na Kibiti ina sababu ya ziada ya adabu hizo. Kati ya 2016 na 2017 maeneo ya Kibiti, Mkuranga na Rufiji yalipita kwenye kipindi kigumu cha mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi. Mgeni anayezunguka na simu, akipiga picha za nyumba na kuuliza nani anakaa wapi, hawezi kulalamika akitiliwa shaka. Aanze kwa barua ya utambulisho kutoka halmashauri, aripoti kwa mtendaji, na aombe mtu wa kufuatana naye. Mwenyekiti wa kitongoji akitembea mbele, milango inafunguka na majina yanatoka.

Swali lenyewe linataka ufundi. Asiulize, "Hii si ndiyo Barabara ya Shuleni?" Mzee mstaarabu atajibu ndiyo, kwa kuwa kumkatalia mgeni ni aibu, na kwa kuwa kweli shule ipo upande ule. Aulize, "Shikamoo mzee, hapa panaitwaje?" kisha anyamaze. Ukimya wa sekunde tano hutoa jina la zamani ambalo haraka isingelitoa. Akimaliza, aulize kwa mlango mwingine: "Ukimwagiza bodaboda amlete mjukuu wako hapa, unamwambiaje?" Majibu mawili yakifanana, jina limesimama. Yakitofautiana, la kwanza huwa ni jina la heshima na la pili ni jina la matumizi, na yote mawili yaandikwe kwenye daftari.

Awaulize watu wa aina tofauti. Wazee wana majina ya kabla ya operesheni za vijiji. Bodaboda wana majina ya juzi, mengi yakiwa ya duka, mnara wa simu au mwembe uliokatwa mwaka juzi. Kina mama wanaokwenda zahanati na kisimani wanajua njia za miguu ambazo hazimo kichwani mwa mwenyekiti. Mwalimu ana jina lililoandikwa kwenye ubao wa shule, ambalo wakati mwingine ni jina la kijiji kabla hakijagawanyika. Na barabara iulizwe ncha zote mbili, tumeshaona kwa nini.

Kwa herufi, ushahidi bora uko kwenye droo ya mtendaji: muhuri. Kijiji kinachogonga muhuri wenye jina lake kila siku kwenye barua za watu kimeshaamua chenyewe kama ni o au u, r au l, neno moja au mawili. Muhuri ukipingana na ubao wa zahanati, na huwa inatokea, muhuri utangulie, ubao ufuate kama tahajia mbadala.

Deltani, wa kuulizwa ni nahodha. Mwongozo wowote wa mitaa unafika mwisho wa lami. Huko barabara ni maji. Aulizwe akiwa chomboni, njiani, maana jina la mkondo hukaa mahali pake. Kutoka Nyamisati kuelekea Mfisini au Salale, nahodha hatasema mkondo wote unaitwa hivi. Atasema hapa ni fulani, tukipita ule mchu mkubwa tutakuwa kwa fulani, na kule mbele kwenye mlango ni jina jingine. Mtu wa ramani aliyezoea mto mmoja jina moja atamlazimisha achague. Asimlazimishe. Akate mstari vipande, kila kipande na jina lake, na alama ya GPS pale nahodha alipobadili jina.

Aangalie pia maji. Kijito kinachobeba mashua wakati wa bamvua kinaweza kuwa tope tupu maji yakipwa, na njia inayotumika ikawa nyingine, yenye jina lake. Saa ya kupita na hali ya maji viandikwe pembeni ya jina. Bila hivyo, anayekuja kwa maji mafu ataapa kwamba ramani ina uongo.

Kuandika

Sasa majina yako mezani. Katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam waliichora kwa wingi chini ya Ramani Huria kuanzia 2015, hakuna haja ya jina moja kuyaua mengine. Kila njia ina nafasi kadhaa. Jina linaloonekana barabarani na linalotamkwa na wakazi hukaa kwenye name. La kiserikali, kama halisikiki midomoni, hukaa kwenye official_name. La mtaani tu, kwenye loc_name. Lililoachwa, kwenye old_name. Tahajia au jina la pili linaloishi sambamba, kwenye alt_name.

Tuirudie barabara ya Bungu. Kama kibao kipo na kinasema Barabara ya Nyamisati, na orodha ya halmashauri inakiunga mkono, name ni Barabara ya Nyamisati kutoka ncha hadi ncha, na Barabara ya Bungu ni alt_name. Kama hakuna kibao wala orodha, upande wa Bungu una haki zaidi kidogo: barabara ndogo inayotoka kwenye barabara kuu, kwa desturi ya huku, huitwa kwa mahali inakokwenda, na wengi wanaoitafuta kwenye simu wanaitafuta wakiwa barabara kuu. Huo ni uamuzi wa mwandishi huyu, na mtu wa Nyamisati ana haki ya kuubishia. Lakini kistari cha wahandisi kisiingie kwenye name. Kikae kwenye official_name, kifanye kazi yake huko.

Majina ya zamani yana thamani yake hata yakiwa yamekufa kabisa. Dar es Salaam, Samora Avenue ilikuwa Independence Avenue, na kabla yake Acacia Avenue, na kabla yake Wajerumani waliiita Unter den Akazien. Anayesoma hati ya nyumba ya miaka ya 1950 anaihitaji Acacia. Sehemu ya Ocean Road iligeuka Barack Obama Drive mwaka 2013, na wapo madereva wa teksi ambao hawajaambiwa. Upande wa Rufiji, sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na mabango mengi ya njiani yaliendelea kusema Selous. Anayefuta old_name anamfungia nje mtu mwenye karatasi ya zamani.

Marufuku moja ni ya kisheria: jina lisinakiliwe kutoka ramani za Google au ramani yoyote yenye hakimiliki kuingizwa kwenye ramani huria. Ramani hiyo inaweza kumwambia mtu kwamba kuna ubishi, ikamtuma akaulize. Anachoandika kiwe alichokisikia au kukiona mwenyewe.

Majina ya "kwa fulani" yashughulikiwe kwa hadhari. Njia nyingi za Kibiti hutambulika kwa mwenye duka au mwenye mashine ya kusaga. Kama jina limeshakuwa la mahali, mwenyewe ameshafariki na hata watoto wanalitumia bila kumjua, liandikwe. Kama mwenye jina yuko barazani anakunywa kahawa, aombwe ruhusa kwanza, au iandikwe alama nyingine ya karibu.

Na palipobaki na shaka, paachwe wazi. Njia isiyo na jina kwenye ramani inamwambia anayefuata kwamba pana kazi; njia yenye jina la kubahatisha inamwambia kazi imekwisha. Kwenye sehemu ya maelezo aandike alichokuta, kwa lugha ya kawaida: kibao hakipo, nguzo imeng'oka, wazee watatu walisema hivi, bodaboda wawili walisema vile, muhuri wa kijiji una u, ubao wa shule una o, ilipitwa kwa mtumbwi saa nne asubuhi, maji yakijaa. Kisha tarehe, mwezi na mwaka.